Pumzi za Ghorofa ya Tisa

Kupe hakuwa amewahi kukutana na ukoo unaokubaliana. Katika kazi yake alishasikiliza mashemeji waliotoana macho juu ya rangi ya mlango, ndugu wa tumbo moja waliobishana kama marehemu baba yao alikuwa na kipara au hakuwa nacho, na mtu na mkewe wasioafikiana walikutana wapi. Lakini huu ukoo wa Msimamizi wa jengo ulikuwa wa aina yake. Tangu asubuhi alikuwa akiwaita mmoja mmoja kwenye stoo ya kantini, ghorofa ya chini, ambako aliazimwa meza moja na viti viwili katikati ya makreti ya soda. Watu wazima thelathini na ushei: wajomba, mashangazi, mabinamu, wakwe. Kila mmoja aliketi, akakunja mikono, akaeleza kwamba Jumamosi mchana walikuwa na kikao cha ukoo katika ukumbi wa ghorofa ya tisa, milango imefungwa kwa sababu ya kiyoyozi, na Msimamizi alikuwa nao mwanzo hadi mwisho.

"Hakutoka hata kwenda msalani," alisema mjomba mkubwa.

"Hata msalani hakwenda," alisema shangazi.

Ilipofika zamu ya binamu mmoja mnene mwenye jasho, alianza vizuri, "Hakutoka hata kwenda," kisha neno likamponyoka. Kupe akamsaidia kwa kumwuliza kama alikusudia msalani, na binamu akamshukuru kwa moyo wote.

Kupe alipenga kamasi. Mafua yalikuwa yamemziba pua zote mbili, na hali hiyo haikumwongezea upole.

"Watu thelathini," alimwambia Sajini aliyekuwa akiandika maelezo, "na wote Jumamosi kutwa walikuwa wamekodolea macho kibofu cha mtu mmoja."

Waliombandika jina la Kupe ni wezi wenyewe, kwa sababu akishang'ata ngozi hang'oki mpaka ashibe. Siku hiyo alikuwa na njaa. Jumamosi alasiri, juu ya paa la jengo hilohilo, Mhandisi aliyebuni mtambo wa hewa alikutwa amekufa ndani ya mtambo wake mwenyewe, komeo la nje limepachikwa bisibisi, na waliosema walikuwemo jengoni mchana ule ni Msimamizi na ukoo wake tu. Mtu anaweza kujifungia ndani akiwa ndani. Kujifungia ndani akiwa nje, huo ni uchawi, na Kupe hakuwa na fomu ya uchawi.

Jengo lenyewe lilikuwa maarufu, watu wakitoka mbali kuja kulishangaa. Kila ghorofa, pale hewa iliyochoka inapotokea, palikuwa na fremu ya chuma yenye vitundu vingi kama sega la nyuki, na sega ndilo jina lililoshika. Pumzi za watu zilipita humo, sega likanasa hewa ukaa, ile tunayoitoa puani. Likishiba, hupandishwa paani na kuingizwa kwenye chumba cha chuma, kiasi cha kontena dogo, wanachokiita mzinga. Humo hupashwa moto mpaka liteme yote liliyomeza. Wenyewe wanaita kukamua. Hewa iliyokamuliwa hukutanishwa na haidrojeni iliyotolewa kwenye maji kwa umeme wa jua, na mwisho wa safari hutoka mafuta meupe yanayowasha jenereta na majiko ya kantini. Wapangaji walikuwa na utani wao: umeme ukikatika huambiana wasengenye kwa bidii, jenereta linawategemea.

Lakini mzinga ukiwa unakamua, ndani hamna pumzi ya binadamu. Mhandisi aliingia kukagua, mlango ukafungwa, moto ukawashwa. Daktari alisema haikuchukua muda.

"Kwani huyo daktari alikuwemo humo?" aliuliza Pacha alipoambiwa.

Pacha alikuwa dada wa marehemu, aliyezaliwa naye siku moja, na ndiye mwenye kantini. Walimzika Jumapili. Jumatatu alfajiri alikuwa amesharudi, akafungua milango, akapanga viti, asiwashe jiko hata moja. Ndugu za Msimamizi walipoanza kuingia kusubiri zamu zao, aliwapa maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe, akimtazama usoni kila aliyepokea glasi. Kantini ilijaa kama nyumba ya harusi, ila hakuna aliyecheka. Waliompa pole aliwarudishia. Kwanza aliyemuua, alisema, pole baadaye.

Kwa Kupe alikuwa ameomba jambo moja, na aliliomba bila kupandisha sauti.

"Sitaki mtu apigwe, afande. Sitaki afie kituoni. Nataka afikishwe mzima. Kisha nataka mama yake aambiwe mbele yangu, nione uso wake ukipokea."

"Na kama hana mama?"

"Utanitafutia aliyemlea. Mimi sina haraka."

Haraka ilikuwa kwa Mkuu wa kituo. Mahabusu tayari kulikuwa na mtu, Fundi wa masega, na kwa Mkuu hiyo ilikuwa kesi iliyokwisha. Bisibisi iliyopachikwa kwenye komeo ilikuwa yake, mpini una alama za meno kwa sababu ana tabia ya kuuma vitu akifikiri. Tena Ijumaa aligombana na Mhandisi mbele ya foleni nzima ya chakula. Alitaka mlango wa mzinga uwekwe kitasa upande wa ndani. Mhandisi akamwita mwoga, akasema fundi makini hahitaji kitasa cha kukimbilia. Fundi akajibu kwamba ipo siku naye ataikosa hiyo hewa anayojivunia. Kesho yake akaikosa. Mkuu alipiga simu kila alipokunywa chai: bisibisi ipo, tishio lipo, mashahidi wapo, sasa Kupe anasubiri nini, malaika ashuke? Jioni isipite kabla Fundi hajasomewa mashtaka ya kuua.

Kilichomzuia Kupe ni msalani.

Alipanda ghorofa ya tisa kuutazama ukumbi kwa mara nyingine. Viti vilikuwa bado kwenye duara kubwa. Chupa tupu za soda zilijaa kwenye ndoo ya taka, makombo ya keki yalikuwa zuliani, na Sajini aliona kila kitu kiko sawa na maelezo. Kupe alizunguka duara lile akikaa kiti hiki na kile. Soda unaimwaga kwenye sinki, alisema. Keki unaivuruga kwa vidole, mtu mmoja, dakika chache. Lakini kuna kitu kimoja ambacho mtu mmoja hawezi kuwafanyia wenzake thelathini hata awapende vipi.

"Kitu gani, afande?"

Kupe aliinua macho kwenye matundu ya hewa darini. "Kuwapumulia."

Fundi aliletwa paani na askari wawili. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, na tangu akamatwe alikuwa hajabadili shati. Kupe alimfungua pingu kwanza, ndipo akamwuliza kuhusu sega la ghorofa ya tisa. Fundi akaeleza. Masega yote hukamuliwa Jumatatu, na Jumatatu hii hakuna aliyegusa kitu kwa ajili ya msiba na polisi. Yote yako kama yalivyoachwa, na feni za kuyavutia hewa zimezimwa tangu Jumamosi jioni, kwa hiyo hayajala pumzi nyingine. Ila hilo la tisa lina habari yake: Ijumaa jioni Msimamizi alimwagiza aweke pale sega lenye njaa, kwa kuwa ana wageni kesho.

"Lenye njaa?"

"Lililokamuliwa likakauka. Halijala kitu."

"Watu thelathini, mchana mzima, milango imefungwa."

"Lingeshiba, afande."

"Na kama hapakuwa na mtu?"

"Lina njaa mpaka hivi tunavyoongea." Fundi alisugua mikono pale pingu zilipokuwa. "Kwa hiyo likikutwa limeshiba, walikuwepo, na mimi nimekwisha."

"Basi omba likutwe na njaa," alisema Kupe.

Walipogeuka, Pacha alikuwa amesimama mlangoni mwa ngazi. Kupe alimwambia kwa heshima ateremke, pale si mahali pake. Akajibu kwamba mtambo ule mara ya mwisho kuwashwa yeye hakuwepo, na leo hakuna wa kumwondoa. Kupe alimwonyesha mahali pa kusimama, karibu na bomba linalotoa mabaki ya hewa nje, penye upepo wa kutosha, akaacha kubishana.

Sega liliteremshwa kutoka kwenye matundu ya ghorofa ya tisa, likapandishwa paani, fremu yake imeandikwa tisa kubwa kwa chaki. Fundi alilisukuma mzingani, akafunga mlango, akawasha. Macho yote yakahamia kwenye mita. Mshale ulitulia. Kupe akaanza kujisikia vizuri. Kisha mshale ukatikisika kama mtu anayeamshwa, ukainuka, ukaendelea kuinuka taratibu bila aibu mpaka kwenye alama nyekundu ya shibe, na hapo ukasimama.

Fundi alikaa chini, palepale sakafuni. Kupe aliutazama ule mshale kwa muda mrefu, akihisi ukoo mzima wa Msimamizi umeketi juu ya mabega yake, wajomba kwa mashangazi, wakinywa soda. Walikuwepo. Walipumua. Hakutoka hata kwenda msalani.

"Nani anapika?" aliuliza Pacha.

Kupe alidhani ni majonzi. Alimkumbusha kwa sauti ya chini kwamba majiko ya jengo ni ya kwake, na ameyazima mwenyewe.

"Afande, mimi nakaanga vitunguu tangu ujana wangu. Hivyo ni vitunguu."

Kupe alivuta hewa kwa nguvu. Pua yake ilitoa mlio wa filimbi, isimletee habari yoyote. Lakini Fundi, palepale chini, aliinua kichwa. Akanusa. Akasimama, akasogea kwenye bomba, akanusa tena akiwa amefumba macho.

"Hili si la tisa," alisema. "Hili ni la kantini."

Maneno yakamtoka kwa kukimbizana. Sega la kantini lilikuwa adhabu yao, aliyechelewa kazini ndiye hulikamua, kwa sababu moshi wa mafuta na vitunguu ulishaingia humo na hautoki. Wameliosha kwa sabuni, wamelianika juani, wapi. Likipashwa moto tu paa zima linanuka sherehe. Kuhusu namba, namba si kitu, ni chaki. Unafuta kwa kiganja, unaandika nyingine.

Kupe alitamani kumwamini papo hapo, ndiyo maana hakumwamini. Pua mbili zilizoshuhudia, moja ni ya mfiwa na nyingine ni ya mtuhumiwa, na wakili yeyote mwenye akili timamu angezikata zote kwa wembe mmoja. Akawaamuru wanyamaze. Akampigia simu Sajini, aliyekuwa chini akiwalinda mashahidi, apande paani mara moja. Sajini alifika akihema, hajui hili wala lile. Kupe alimsimamisha kwenye bomba, akamwuliza anasikia nini.

Sajini alifikiri. "Nasikia njaa, afande."

"Fafanua."

"Kuna mtu anakaanga vitunguu."

Kupe alimwambia aandike hivyo hivyo, pamoja na njaa yake. Kisha wakaleta sega lililokuwa kwenye matundu ya kantini. Kwenye fremu, chini ya alama ya kantini, palionekana ukungu wa chaki iliyofutwa. Wiki nzima jengo lote lilikuwa limekula pale, watu wamepanga foleni mpaka mlangoni, wamesengenya, wamecheka, wamepumuliana visogoni. Fundi alilitia mzingani, akawasha, wakangoja. Mshale ulijinyanyua unywele mmoja ukalala.

"Funguo za matundu anazo nani?" aliuliza Kupe.

"Mimi," alisema Fundi, "na Msimamizi."

"Kwa hiyo ni wewe au yeye."

Fundi alirudi nyuma hatua moja. Kupe akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mafua yaanze. "Tulia, ndugu yangu. Ungekuwa wewe uliyebadilisha masega, ungehangaika kumtengenezea mwenzako ushahidi halafu wewe ujiache uchi? Mjinga wa namna hiyo sijamkamata bado."

Pacha hakutabasamu. Alikuwa ameshika ukingo wa mlango wa mzinga, akiutazama upande wa ndani, ule uso laini wa chuma usio na pa kushika. Mikwaruzo ilikuwepo. Kupe alimgusa bega, wakateremka.

Msimamizi aliitwa kwenye ukumbi wa ghorofa ya tisa. Alikuwa mtu nadhifu, msemaji wa wastani, funguo zake amezifunga kwa mpira zisilie anapotembea. Kupe alimwomba, kama hatajali, amwonyeshe tena walivyokaa. Msimamizi hakujali. Pale mjomba mkubwa, pale shangazi, hapa mama yake mzazi karibu na dirisha kwa ajili ya kifua chake, na yeye hapa mlangoni. Sajini aliandika. Pacha alikuwa nje ya mlango, kwa sharti la kutotia neno.

"Mlikula nini?" aliuliza Kupe.

"Keki na soda."

"Hamkupasha hata chai?"

"Hapa hapana jiko, afande. Hatukuwasha hata kiberiti."

"Labda kuna aliyeleta chakula kutoka kantini."

"Kantini haifunguliwi Jumamosi."

Kupe alimwambia Sajini asome kwa sauti alichoandika. Sajini akasoma. Msimamizi akakubali kwamba ndivyo alivyosema, akaweka sahihi. Ndipo Kupe akavuta kiti, akaketi mkabala naye, magoti karibu yagusane.

"Sasa nieleweshe, kaka. Kwa nini pumzi za ukoo wako zinanuka vitunguu vya kukaanga?"

Msimamizi hakushtuka. Kupe alishawaona wanaoruka, wanaocheka, wanaoomba maji. Huyu aliinamisha kichwa, akanusa ukosi wa shati lake, upande mmoja na upande wa pili, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Ofisi yangu imepakana na kantini," alisema. "Ukuta mmoja. Mwaka wa ngapi huu nashinda ndani ya harufu ile. Mke wangu huniambia nikirudi nyumbani." Akanusa tena. "Mimi siisikii."

"Ungechukua la ghorofa nyingine."

"La kantini ndilo pekee lililokuwa limeshiba kabisa."

Alilisema kama fundi anavyoeleza kwa nini alichagua msumari huu na si ule, na baada ya hapo hakukuwa na haja ya kumkamua, alitoa mwenyewe. Jumamosi ukoo wake ulikuwa nyumbani kwa mama yake, wote, milango imefungwa, wakijifunza neno kwa neno watakayosema. Soda na keki alizipanga peke yake. Mchana akampigia Mhandisi simu, akamwambia mzinga unavuja. Bisibisi aliikuta kwenye kisanduku cha Fundi, akaitumia kwa kuwa ilikuwa karibu. Hilo la Fundi ndilo alilolijutia, na alisema alikuwa amekusudia kumwekea wakili.

Kuhusu Mhandisi hakujuta. Kabla ya jengo hili palikuwa na jingine, na mzinga mwingine, wa majaribio. Mdogo wake Msimamizi, msichana, alikuwa mfagizi huko. Alitumwa afagie ndani ya mzinga, mtu akapita, akakuta mlango wazi, akaufunga, na mtambo ukawashwa kwa ratiba yake. Kwenye baraza la uchunguzi Mhandisi alisimama na suti, akasema marehemu aliingia humo kulala usingizi wakati wa kazi. Ikaandikwa uzembe wake mwenyewe. Mama yao alikuwa ameketi safu ya mbele.

"Ndipo ukatafuta kazi hapa," alisema Kupe.

"Nilitafuta. Lakini sikuja kuua, afande. Nilikuja kutazama mlango." Aliinua macho darini, upande wa paa. "Nikaukuta vilevile. Nikamwomba aweke kitasa ndani. Nilimwomba kwa mdomo huu kama mtu anayeomba chakula, mara hii, mara ile, na Ijumaa Fundi naye akamwomba, mimi nipo kwenye foleni nashika sahani. Angekubali, ningerudi nyumbani nikawaambia amejifunza, tumwache. Akamwita mwenzake mwoga, na watu wakacheka."

Alinyoosha mikono. Kupe akamfunga pingu.

"Kile kitasa," alisema Msimamizi, "kingemtoa yeye mwenyewe Jumamosi."

Kwenye mlango kulikuwa na sauti ya nguo. Kupe alipogeuka, Pacha hakuwepo.

Alimwachia Sajini mfungwa, akakimbilia ngazi, kwa kuwa lifti katika jengo lile haikuwahi kumjali mwenye haraka. Mafua yalimkaba kifuani. Kila ghorofa aliyoipita alisikia viatu vya Pacha chini yake, havikimbii, vinashuka kwa mpigo mmoja kama mtu anayetwanga. Alifika kantini akihema. Ukoo ulikuwa umeketi kama ulivyoachwa, glasi za maji mikononi. Pacha alikuwa amevuta kiti, ameketi mbele ya mama mzazi wa Msimamizi, mwanamke mfupi mwenye kifua kinacholia kila avutapo pumzi, na uso wake ulikuwa karibu na wa yule mama kama mtu anayetaka kuona jicho la mwenzake limeingiwa na nini.

"Mwanao amekiri," alisema Pacha. "Amekwisha kufungwa pingu. Hutamwona tena akila kwako."

Akangoja. Kupe naye, mlangoni, akajikuta anangoja. Binamu mnene alianza kulia, mjomba mkubwa akamfinya. Lakini uso ambao Pacha aliufuata kutoka ghorofa ya tisa haukufanya alichotakiwa kufanya. Yule mama aliiweka glasi yake chini taratibu, akajifuta vidole.

"Nilimuaga Ijumaa," alisema. "Nilimpikia, akala, nikamuaga. Unadhani angeenda bila kutumwa? Yule ni mkono tu, mwanangu. Mkono hauendi bila kichwa. Kichwa kimekaa hapa mbele yako."

"Mama," alisema mjomba mkubwa.

"Nyamaza. Tumeshasema uongo wa kutosha, tena hata hatukuusema vizuri." Akamgeukia Kupe. "Hawa wengine niliwaapisha mimi. Aliyekataa nilimwambia asije kunizika. Andika hivyo."

Kupe aliisogelea meza. Katika kazi yake yote alikuwa amewafuata watu waliokimbia, na hakuwa na mazoea na wanaoketi wakimsubiri. Alimwambia yule mama kwamba si lazima aseme lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa. Mama alimtikisia kichwa kama anayemshukuru mhudumu, akarudisha macho kwa Pacha, ambaye hakuwa amesogea hata inchi. Pumzi zao mbili zilikuwa zinasikika kantini nzima, moja ikilia, nyingine ikitoka puani kwa nguvu.

"Ndugu yako ameacha watoto?" aliuliza mama.

"Wawili."

"Wa kike?"

"Wa kiume."

"Wakubwa?"

"Mmoja ana ndevu. Mwingine zinachomoza."

Mama alitupa jicho nyuma. Kule nyuma watoto wa watoto wake, wawili watatu waliokuja na mama zao, walikuwa wamekaa sakafuni wakipitishiana kifuniko cha soda.

"Basi waambie ni mimi," alisema. "Jina langu walijue, na jela nitakayopelekwa uwaelekeze vizuri, mpaka mlangoni. Wasije wakapotea njia wakahangaika na wajukuu zangu."

Kupe alipapasa kiunoni kutafuta pingu, akapakuta patupu. Zilikuwa juu, mikononi mwa mwana. Ikabidi amshike yule mama mkono, kama mtu anayemsaidia mzazi wake kuinuka kitini, na mkono wenyewe ulikuwa mwepesi na wa moto.

Pacha aliinuka naye. Alimtazama yule mama, akawatazama wale watoto sakafuni, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama alivyokuwa amewatazama waliopokea glasi. Kisha akasogeza kiti chake pembeni kuwapisha njia.

"Nitawaelekeza," alisema.